Tupeane uzoefu: Wacuba tunaoishi nao Marekani, kura zao na hofu ya kufukuzwa nchini

Ndugu wanajamvi,

Ninaishi Hialeah, jirani na Miami, mji ambao wakazi wake wengi wana asili ya Cuba na ambao Kihispania ndicho kinachotawala dukani, kliniki na kanisani. Kazi yangu ni kuwahudumia wazee majumbani mwao. Nimefungua mada hii kwa sababu inaniuma kuwasikia Waafrika wenzetu wakisema kwamba Wacuba wanaokamatwa leo na maafisa wa uhamiaji "walijitakia wenyewe" kwa kumpigia kura Donald Trump. Naomba aliyeishi nao atueleze aliyoyaona.

Nianze mimi. Bibi ninayemhudumia alifika mwaka 1962 akiwa msichana, baada ya serikali ya Fidel Castro kutaifisha duka la baba yake. Jina la Rais John Kennedy, wa chama cha Democratic, hataki kulisikia mpaka leo, kwa kuwa anaamini ndiye aliyewatelekeza wapiganaji wa uhamishoni waliotua Ghuba ya Nguruwe, pwani ya Cuba, Aprili 1961 kujaribu kumpindua Castro. Kwake, kukipigia kura Republican, chama cha Trump, ni kama kutimiza nadhiri. Mwaka 2024 alipiga kura kwa njia ya posta, na Trump akashinda kaunti nzima ya Miami-Dade, jambo ambalo mgombea urais wa chama hicho hakuwa amelifanya tangu mwaka 1988.

Katika nyumba hiyohiyo anaishi mjukuu wa dada yake, aliyevuka mpaka wa Mexico mwaka 2022 na kuachiwa kwa fomu ya I-220A, yaani hati ya kuachiwa kwa masharti huku kesi yake ya uhamiaji ikiendelea. Sheria ya mwaka 1966 humruhusu Mcuba aliyekaa Marekani mwaka mmoja kuomba ukaazi wa kudumu, ilimradi aliruhusiwa kuingia kihalali au alipewa kibali maalumu cha kuingia. Septemba 2023, bodi ya rufaa za uhamiaji iliamua kwamba fomu hiyo si kibali cha namna hiyo. Kwa hiyo watu wawili waliovuka mpaka wakati mmoja, mmoja akapewa kibali na mwenzake fomu hiyo, leo mmoja ni mkaazi wa kudumu na mwenzake anasubiri hatima yake. Uamuzi huo ulitolewa wakati wa Biden, na bibi hunikumbusha hilo kila tunapozungumza.

Kijana akienda kuripoti uhamiaji huacha funguo za gari kwa bibi, asije akakamatwa na gari likabaki barabarani. Siku hizo bibi hali chakula mpaka arudi. Nilipomuuliza kama angebadilisha kura yake, alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema: "Mwanangu, nilitaka wafukuzwe wahalifu. Huyu ni mtoto wetu."

Mchangiaji, Tampa

Shukrani kwa mada. Katika ghala ninakofanyia kazi yupo Mcuba aliyeingia mwaka 2023 kwa ule mpango uliowaruhusu hadi watu 30,000 kwa mwezi kutoka Cuba, Haiti, Nicaragua na Venezuela, kila mmoja akiwa na mdhamini. Machi 2025 serikali ilitangaza kuufuta, na tarehe 30 Mei Mahakama ya Juu ikaruhusu ufutwe hata kabla kesi ya kuupinga ufutaji huo haijamalizika. Mdhamini wake ni mjomba wake, raia, ambaye uani kwake ilipepea bendera ya Trump. Bendera ile ameishusha, ila hakupandisha nyingine. Anasema chama cha pili, Democratic, hawezi kukichagua, kwa sababu akilisikia neno "ujamaa" anakumbuka gereza alilofungwa kaka yake. Kwa maoni yangu, wanaongoja Wacuba wahame chama kwa wingi hawajaelewa uzito wa kumbukumbu hizo.

Mchangiaji, Muscat

Mimi sijaishi na Wacuba, lakini babu yangu aliondoka Unguja mwaka 1964, na hadi anafariki alimpima kila mwanasiasa kwa swali moja tu, kwamba Januari ile alisimama upande gani. Wajukuu tulipomweleza shida zetu za leo, alitusikiliza kwa upendo, kisha akarudi palepale. Nikisoma habari za bibi wa Hialeah, namwona babu.

Mchangiaji, Louisville

Huku Kentucky Wacuba ni wengi, na sisi tuliotoka Kongo tunafanya nao kazi zamu moja. Wengi wao ni vijana waliofika juzi juzi, na hawana haki ya kupiga kura. Lawama ya kura wanabebeshwa tu kwa sababu ya wazee wa Miami wasiowajua.

Julai 2025, Wacuba walikuwa miongoni mwa watu 8 waliopelekwa Sudan Kusini, na Mcuba mwingine alikuwa kati ya 5 waliopelekwa Eswatini. Serikali ilisema wote walikuwa na hatia za makosa mazito, lakini habari hiyo iliwatikisa hata wasio na kosa lolote. Wakati wa mapumziko, mwenzangu aliniletea ramani kwenye simu, akaniomba nimwonyeshe Juba ilipo na nimweleze watu wa huko wanazungumza lugha gani. Nilimtajia Kiarabu cha Juba. Akaniuliza kama mimi nina ndugu yeyote huko, halafu akaomba namba yake.