Watunzi wa riwaya za mapenzi za kihistoria, kwa nini mnafuta gharama ya kashfa?

Wanajamvi, salaam. Nimemaliza riwaya nyingine ya Uingereza ya miaka ya 1790, yenye mke aliyemkimbia mumewe na bwana mkubwa asiyefungua kinywa ila kwa dharura, na nimekasirika. Mke anapata talaka kwa barua moja ya wakili, anaondoka na watoto na mali yake, na mabibi wa London wanamiminika kumpongeza.

Huo ni uongo wa kivivu. Kabla ya mwaka 1857, talaka iliyomruhusu mtu kuoa tena ilihitaji sheria yake ya pekee kutoka Bungeni, na kwa kawaida mume alianza kwa kumshtaki hawara wa mkewe na kudai fidia. Watoto walikuwa wa baba.

Mtazameni Elizabeth Vassall, mwanamke halisi wa enzi hizo, aliyeozwa akiwa na miaka 15 kwa Sir Godfrey Webster, mtu aliyemzidi kwa zaidi ya miaka 20, kisha akampenda Lord Holland, mwanasiasa wa Kiingereza, walipokutana Italia. Mwaka 1796, akijua kwamba atanyang'anywa watoto, alitangaza kuwa binti yake mdogo Harriet amefariki, akamficha, na mwaka 1799 akamrudisha kwa baba yake. Mtunzi gani mwenye akili anaiacha sura hiyo ili aandike karamu ya tano ya dansi? Talaka ilipita Julai 1797, wakaoana siku mbili baadaye, Holland akatozwa fidia ya pauni 6,000, na mwana wao aliyezaliwa kabla ya ndoa hakuweza kurithi cheo cha baba yake. Nyumbani kwao waliingia mawaziri na washairi. Wake za wengi wao hawakukanyaga. Na utajiri wa bibi huyo ulitokana na mashamba ya Jamaika yaliyolimwa na watumwa, jambo ambalo riwaya hizi hulipita kama mtu apitaye mbele ya duka analodaiwa.

Ukimya wa yule bwana mkubwa wa riwayani nao hauelezwi (Holland mwenyewe alikuwa mcheshi, lakini tuyaache hayo). Aliyempenda mke wa mtu alikuwa na sababu nzito ya kufunga mdomo, kwa kuwa watumishi wa nyumbani waliitwa mahakamani kutoa ushahidi wa kile walichokiona na kukisikia. Hofu hiyo ingetosha kuibeba riwaya nzima, lakini tunapewa mabega mapana na macho ya kijivu.

Anayeijua riwaya ambamo mke anapoteza watoto na mtunzi hamrudishii kwa muujiza, aitaje hapa, nami nitaitafuta.