Familia ya Mzee Mabula: Corolla na safari ya mahari

17:48 – Kabula: Habari za jioni ndugu. Nakumbusha tena, kesho saa 12 kamili asubuhi tunatoka kwa Mama hapa Butimba. Sengerema wanatusubiri saa 4. Kwenye Corolla ya marehemu wanakaa Baba Mkubwa, Mama Mdogo Milembe, Shemeji Juma na mimi. Shija anaendesha. Naomba majibu, siyo kusoma na kunyamaza.

17:57 – Kabula: Naona tiki za bluu tu.

18:20 – Doto: 👍

18:21 – Kabula: Wewe huendi, upo Geita. Dole la nini?

18:21 – Doto: La kuwatia moyo

18:36 – Shija: Dada gari haliwaki

18:36 – Kabula: Haliwaki vipi? Jana si ulilipeleka kuoshwa ukasema lipo safi?

18:37 – Shija: Jana liliwaka. Leo linazunguka tu ng'we ng'we ng'we, halishiki

18:39 – Doto: Miaka yote tulilia na foleni ya kivuko Kigongo. Sasa daraja lipo, kilomita 3 nzima, gari ndiyo hakuna 😂😂

18:40 – Kulwa: Betri hiyo

18:41 – Kabula: Betri ni mpya. Tulichangishana mwezi wa 6 humuhumu.

18:42 – Kulwa: Nilitoa 40. Nauliza tu, betri iliyonunuliwa ndiyo ipo kwenye gari, au ipo kwenye sola ya mtu?

18:44 – Shija: Ujumbe huu umefutwa

18:44 – Kabula: Tusianze.

18:45 – Kulwa: Sijaanza. Nimeuliza.

18:45 – Doto: Na jeki ya Magu je

18:46 – Kulwa: Jeki ya Magu ulikuwa nayo wewe Doto

18:50 – Shija: Jamani betri nzima. Nimewasha taa za mbele nikapiga stata, taa zimefifia kidogo tu. Ingekuwa inalia tik halafu kimya ningekubali. Hii stata inazunguka kwa nguvu zake zote. Ama mafuta hayafiki, ama hakuna moto

18:51 – Kulwa: Mafuta yapo?

18:52 – Shija: Niliweka lita 10 jana. [picha] Kabureta ina kakioo ka duara ubavuni, oneni, petroli imesimama katikati. Inafika

18:55 – Kulwa: Lisukumeni, si kuna mteremko hapo

18:56 – Shija: Kaka, kusukuma kunasaidia betri ikiwa imekufa. Kama hakuna moto tutasukuma mpaka stendi ya Nyegezi

18:56 – Doto: Mkifika stendi pandeni basi

18:58 – Kabula: Shemeji Juma umeendesha teksi miaka yote ile, sema neno. Nakuona upo hewani. Na wewe Masanja, mahari ni yako, mbona kimya?

19:04 – Kabula: Fundi wa Mkolani hapokei. Wa Mabatini anataka elfu 30 kuja usiku huu, kabla hata hajafungua boneti. Andikeni majina:
1. Kabula 10 ✅
2. Kulwa
3. Doto
4.

19:06 – Doto: Geita dhahabu ipo ila siyo yangu

19:09 – Kulwa: Mimi nilisema tangu mazishini liuzwe. Mtu wa Nyakato alikuwa na milioni 2 mkononi. Mkaniita mchawi.

19:09 – Kabula: Hakuna aliyekuita mchawi.

19:10 – Kulwa: Shangazi aliniita.

19:10 – Kabula: Shangazi yupo humu.

19:15 – Shangazi Holo: 🙏

19:18 – Simu ya Baba Mkubwa: Hamjambo. Ni Limbu, naandika anavyosema Babu. Anasema Shija achana na betri. Chomoa plagi moja, irudishe kwenye waya wake, ilaze kwenye chuma cha injini, mtu mwingine apige swichi. Usiishike kwa mkono. Useme moto una rangi gani

19:19 – Shija: Shikamoo Baba Mkubwa. Sawa

19:31 – Shija: Moto ni mwekundu, hafifu. Mara upo mara haupo

19:32 – Simu ya Baba Mkubwa: Marahaba. Anasema ulitakiwa uwe wa bluu na ulie tak tak. Anauliza jana waliosha mpaka ndani ya boneti?

19:33 – Shija: Yule kijana alipiga maji ya presha kidogo

19:36 – Simu ya Baba Mkubwa: Babu amecheka. Anasema fungua kifuniko cha distribyuta, ni vibanio viwili. Nyaya usizichomoe, zinakwenda 1-3-4-2, ukizichanganya mtakesha. Futa maji kwa kitambaa kikavu. Kisha tazama kontakti mbili zinazogongana mle ndani

19:38 – Mama Mdogo Milembe: Marahaba wanangu. Kuku wangapi?

19:47 – Shija: [picha] Maji yalikuwepo, nimefuta. Kontakti zimeungua. Moja ina kishimo, mwenzake ameota kichuguu cheusi

19:52 – Simu ya Baba Mkubwa: Anasema pitisha msasa laini, usikwangue. Kichuguu hicho kimeletwa na kondensa, inakufa. Litawaka likiwa baridi, likipata joto litazima. Zikiachana, uwazi uwe kama nusu milimita

19:53 – Kabula: Maduka ya spea yameshafungwa. Kesho wakifungua sisi tunatakiwa tuwe ukweni. Baba Mkubwa, kwa mwendo wa polepole halitafika kweli?

20:04 – Simu ya Baba Mkubwa: Babu anasema niandike hivihivi. Gari hilo kesho haliendi Sengerema, hata likiwaka. Siwezi kwenda kuomba mtoto wa watu halafu nikutwe nashika bampa juu ya daraja. Tutapanda kivuko cha Kamanga kama tulivyokwenda kwa ajili ya mama yenu. Na habari ya kuliuza isiandikwe kwenye simu. Kulwa aje, akae chini, aseme mbele yangu na Shangazi yake akiwepo.

20:41 – Masanja: Amina. Nipo, nafuatilia

20:58 – Shija: LIMEWAKAAA [video 0:19]

20:58 – Doto: 🔥🔥🔥

20:59 – Kabula: Lizime, petroli hiyo.

20:59 – Shija: Nikizima halafu lisiwake tena?

21:00 – Kabula: Kwani Baba Mkubwa si amesema haliendi?

21:01 – Shija: Alisema kabla hajasikia mlio wake

21:06 – Shemeji Juma: Samahanini, nilikuwa kwenye ibada. Jirani ana Noah, elfu 120 kwenda na kurudi kwa kupitia darajani. Anataka jibu leo

21:07 – Kabula: Baba Mkubwa amesema kivuko. Nani anamwambia habari ya Noah? Limbu, Babu amelala?

21:12 – Simu ya Baba Mkubwa: Amelala. Mimi simwamshi

21:13 – Kabula: Basi nani anajua kivuko cha kwanza Kamanga kinaondoka saa ngapi?

21:30 – Kulwa: Shija kabla hujafunga boneti piga picha ya betri. Upande wenye maandishi.

21:48 – Mama Mdogo Milembe: Nimechinja watatu. Nije Butimba au niwasubiri Kamanga?

21:49 – Kabula: Mama Mdogo, usilale kwanza. Nampigia Juma.