Mrejesho: kuku wenye magamba yaliyoinuka miguuni (Njoro, Nakuru)

Asanteni nyote mliojibu kuhusu kuku wangu 9 wa kienyeji walioinuka magamba miguuni kwa sababu ya utitiri (vidudu vidogo sana vinavyoishi chini ya magamba). Nilifuata ushauri wa mafuta ya mgando: miguu inalowekwa dakika 5 kwenye maji vuguvugu ya sabuni, inasuguliwa taratibu kwa mswaki mkuukuu, ikikauka inapakwa mafuta hayo mazito hadi katikati ya vidole ili utitiri ukose hewa. Mara mbili kwa wiki, wiki 4. Magamba usiyabandue kwa kucha, damu itatoka.

Wanane wamepona. Jogoo mzee bado anachechemea. Kidole kimoja kilishakufa. Mafuta ya taa (kuna aliyeyasifu sana!) nilimpaka mmoja, yakamchoma ngozi, nikaacha. Vijiti vya kulalia nimebadilisha ili utitiri usirudi, vya zamani vikaishia jikoni kama kuni.