Golf GTI ya kwanza au Peugeot 205 GTI: ipi ifaayo Lubumbashi?

Mkaaji wa Kamalondo
Ndugu zangu, ninatafuta gari dogo la zamani lenye mbio, na nimebaki na mawili: Volkswagen Golf GTI ya kizazi cha kwanza, yenye usukani wa kulia, iliyotoka Afrika Kusini, na Peugeot 205 GTI ya lita 1.9 iliyoletwa kutoka Ubelgiji. Bei zao zinakaribiana. Sitalifungia gereji, nitaliendesha kila Jumapili katika barabara ya Likasi. Mnanishauri lipi?

Fundi wa Katuba
Kwa uendeshaji, mimi niko upande wa Peugeot. Golf ilitangulia mwaka 1976, ikiwa na injini ya lita 1.6 yenye nguvu ya farasi 110 katika gari la kilo mia nane na kitu, lakini Wafaransa waliitazama kwa miaka minane kabla ya kutoa 205 GTI, na ile ya 1.9 iliyofuata ilifika farasi 130, tena na breki za diski kwenye magurudumu yote manne. Usukani wake unakuhisisha kila kokoto. Ila ukiingia kwenye kona kwa kasi kisha ukaachia mafuta ghafla, nyuma huteleza na kutaka kutangulia, na mvua za Januari hazimsubiri mtu ajifunze. Kagua pia ekseli ya nyuma: beringi zake zikilika, magurudumu huinamia ndani kwa juu.

Msafiri wa Kasumbalesa
Kuhusu kona Fundi amesema kweli, lakini gari bila vipuri ni pambo la uani. Golf ya kwanza iliendelea kuundwa Afrika Kusini kwa jina la Citi Golf hadi mwaka 2009, hivyo milango, vioo na vyuma vingi vya chini bado hupatikana huko na kuja kwa barabara, ilhali vya 205 GTI utaviagiza Ulaya. Hata hivyo, ijaribu breki kabla ya kulipa. Katika Golf hizo za usukani wa kulia, kibusta cha breki, yaani kile kinachoongezea nguvu mguu wako, kiliachwa upande wa kushoto, kikaunganishwa na kanyagio kwa chuma kirefu kinachovuka gari, na kwa sababu hiyo kanyagio huwa laini hata pasipo ubovu wowote. Tangi nalo lisafishwe, kwa kuwa mfumo wa Golf wa kuingiza petroli kwenye injini, uitwao K-Jetronic, huigawa kimakanika na hauvumilii maji wala uchafu.

Mkaaji wa Kamalondo
Asanteni, wakubwa. Je, mwinuko wetu wa mita 1,200 unapunguza nguvu?

Fundi wa Katuba
Unapunguza, kwa kuwa hewa ni nyepesi na injini zote mbili hazina turbo ya kusukuma hewa ndani. Hesabu zaidi kidogo ya sehemu moja ya kumi: Peugeot itabaki na farasi 115 hivi, na Golf itashuka chini ya 100. Kama una ndugu Ulaya wa kukutumia beringi, chukua Peugeot. Kama huna, chukua Golf, na fedha ya kwanza iende kwenye breki.