Ghala lipo chini ya mteremko na mvua kubwa zinakaribia: pesa kidogo ianzie wapi?

Ghalani
Wakuu, naomba ushauri. Ghala la bidhaa za jumla liko chini ya mteremko, sakafu iko usawa wa barabara. Paa ni mita za mraba 400 na maji yake yote yanamwagika kwenye mtaro wa mbele, unaovuka barabara kwa kalvati ya bomba la milimita 300. Nyuma kuna ofisi yenye choo. Bodi ya umeme iko nusu mita tu kutoka sakafuni, na nje kuna jenereta na tangi la dizeli la lita 5,000. Bajeti haitoshi kwa yote. Mifuko ya mchanga mlangoni itatosha?

Kipimamaji
Mkuu, mifuko ije baadaye, anza na hesabu ya maji. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Mvua ya milimita 50 kwa saa inakupa lita 20,000 za paa peke yake, kama lita 5.6 kila sekunde, na bado hujahesabu mteremko wote ulio juu yako.

Kalvati ndiyo hatari yenyewe. Bomba la milimita 300 huzibwa na tawi moja na chupa chache za plastiki, kisha barabara inageuka tuta na maji yanajaa upande wako. Ukiweka la milimita 600 kwa mteremko uleule, linapitisha takriban mara sita zaidi, si mara mbili. Kwa kuwa linapita chini ya barabara utahitaji kibali, kwa hiyo peleka ombi la maandishi mapema. Wakati unasubiri, zoa tope lote lililomo ndani. Likifika nusu ya kimo, nusu ya bomba huna.

Chujio cha nondo kinasaidia kikiwekwa mbele kidogo ya mdomo na kulazwa kufuata mkondo, ili taka zipande juu na mtu azivute kwa reki akiwa ukingoni. Asiingie majini kamwe, mvuto wa mdomo wa kalvati unaua. Na kama hakuna mtu wa kukisafisha mvua ikinyesha, usikiweke kabisa: chujio kilichojaa taka ni kizibo.

Sakafu Kavu
Kuhusu mifuko: jaza nusu hadi theluthi mbili, usiifunge kwa kamba, kunja mdomo uingie chini ya mfuko wenyewe. Uliojazwa pomoni haulaliani na mwenzake, maji yanapita katikati. Panga kwa kupishanisha maungio kama tofali, kila safu ikanyagwe, na tandaza nailoni nene upande wa maji. Tuta la nusu mita linataka kitako cha mita moja na nusu, kwa hiyo pima nafasi ya mlangoni kabla ya kununua mchanga.

Ila utaziba mlango vizuri na maji yakatokea chooni. Bomba kuu la maji taka likielemewa, yanarudi nyuma na kufumuka kwenye tundu la chini kabisa. Weka vali ya kuzuia maji kurudi kwenye chemba ya mwisho kabla ya bomba kuu. Ifungue na kuisafisha kabla ya msimu, maana kitambaa kikinasa kwenye ulimi wake haifungi. Ikiwa imefunga, choo kisitumike. Maji yenu wenyewe hayatakuwa na pa kwenda.

Ghalani
Asanteni sana. Je, nikiziba mlango kwa mbao na silikoni hadi usawa wa kifua?

Kipimamaji
Hapana ndugu. Maji ya kimo cha mita moja yanasukuma kila mita ya urefu wa ukuta kwa nguvu ya karibu nusu tani, na kimo kikiwa mara mbili msukumo unakuwa mara nne. Ukuta wa tofali usio na nondo haukujengwa kubeba hilo. Weka kikomo cha sentimita 60. Yakizidi hapo, acha yaingie. Sakafu inaoshwa, ukuta ukianguka umepoteza jengo.

Kwa hiyo bidhaa zikae juu tangu mwanzo. Paleti moja inainua sentimita 15 hivi, haitoshi. Unga, karatasi na vifaa vya umeme viende rafu za juu, vya plastiki na chupa vikae chini. Usirundike maboksi sakafuni: la chini likilowa linalainika, na rundo zima linaporomokea majini.

Fundi Waya
Bodi ipandishwe hadi mita 1.5, nyaya za soketi zishuke kutoka juu. Soketi za chini ziwe na saketi yake, uweze kuzikata huku taa na pampu zikiendelea. Jenereta ikae nje juu ya jukwaa la zege, angalau mita 6 kutoka mlango au dirisha, maana moshi wake unaua.

Tangi tupu la lita 5,000 likizama linasukumwa juu kwa karibu tani 5. Likijaa dizeli pia usilitegemee, dizeli ni nyepesi kuliko maji. Lifunge kwa mikanda ya chuma kwenye zege, na bomba lake la kupumulia lipandishwe juu ya kimo cha mafuriko.

Maji yakishaondoka, usiwashe umeme kwa kuwa tu pamekauka. Swichi na vikata umeme vilivyozama vibadilishwe, maana tope hubaki ndani na siku ya hitilafu havikati. Nyaya zipimwe kwa mega (kipimo cha kuona kama umeme unavuja kwenye nyaya), saketi moja moja, ndipo meni swichi ipandishwe.