Mrejesho: Faili la vyeti, hatimaye limekamilika

Ndugu zangu, mwezi uliopita niliuliza kama faili moja la vyeti lingetosha kuombea kazi hapa Nairobi na pia nafasi ya shahada ya uzamili ng'ambo. Nawashukuru nyote, hasa aliyenishauri nitenge mafaili mawili.

La kazi lilikuwa jepesi kuliko nilivyohofia, kwani cheti cha tabia njema nilikiomba kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kisha nikaenda kuchukuliwa alama za vidole, na vibali vya KRA (mamlaka ya kodi) na HELB (bodi ya mikopo ya elimu ya juu), ambavyo waajiri wa umma huvidai kwa kuzingatia Sura ya Sita ya Katiba ya 2010, inayohusu uongozi na uadilifu, niliviomba mtandaoni.

La masomo ndilo lililonitoa jasho. Nilikwisha kupeleka nakala za matokeo kwa wakili zigongwe muhuri, nikidhani kazi imekwisha, kumbe chuo ninachoomba kinataka matokeo yatoke moja kwa moja kwa msajili wa chuo nilikosomea, ndani ya bahasha iliyofungwa na kugongwa muhuri juu ya kifuniko chake. Ofisi niliyoiendea ilinizungusha wiki tatu kwa sababu ya jina tu: cheti cha KCSE (mtihani wa kumaliza sekondari) kina majina matatu, cha shahada kina mawili. Hati ya kiapo ndiyo iliyomaliza ubishi huo, na laiti ningeiandaa mapema.

Barua mbili za mapendekezo zimeshatumwa. Kuhusu ya tatu, bado namkumbusha mwalimu wangu kwa adabu.