Vitabu vipya vya historia ya Tanzania: wananchi wamepelekwa wapi?

Wakuu, salaam.

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira na sitaificha. Tangu Historia ya Tanzania ianze kufundishwa shuleni kama somo la peke yake, vitabu vya historia ya kisiasa na kijamii ya nchi yetu vimeongezeka. Nilifurahi sana, maana tulivisubiri muda mrefu. Sasa nimeshavisoma vya kutosha, na ninachokiona ni kitabu kilekile kinachobadilishwa jalada.

Mpangilio mtautaja hata kabla ya kukifungua. African Association (chama kilichoitangulia TANU) 1929, TANU 7 Julai 1954, Uhuru 9 Desemba 1961, Muungano 26 Aprili 1964, Azimio la Arusha 1967, vita vya Kagera, vyama vingi 1992. Tarehe ni sahihi, sina ugomvi nazo. Ugomvi wangu ni kwamba kati ya tarehe moja na nyingine hamna watu. Jalada limeandikwa "historia ya kijamii", ukiingia ndani unakuta hotuba, uteuzi na nani alikuwa waziri wa nini.

Nina kimoja hapa mezani. Kutoka 1929 hadi 1954 kimetumia aya mbili. Aya mbili! Mgomo wa makuli wa bandari ya Dar es Salaam wa Septemba 1947, uliosambaa kwa njia ya reli mpaka bara na kuitikisa serikali ya kikoloni, haumo. Mgomo wa 1950, ambao makuli walishindwa na chama chao kikafutwa, haumo. Wameru wa Arusha waliong'olewa kwa nguvu Engare Nanyuki mwaka 1951 ili ardhi yao wapewe walowezi, wakamtuma Kirilo Japhet hadi Umoja wa Mataifa mwaka uliofuata, nao hawamo. Mtoto atakayesoma aya zile ataamini kwamba wazee wetu walikaa kimya miaka yote hiyo wakisubiri chama kizaliwe. Huo ni uongo, hata kama kila sentensi iliyoandikwa pale ni ya kweli.

Njooni kwenye wanawake, ndipo nilipopandwa na hasira hasa. Kitabu hichohicho kina picha ya mkutano wa hadhara wa miaka ya TANU. Mstari wa mbele wamejaa akina mama wenye kanga. Maelezo chini ya picha: "Mwalimu akiwa na wananchi." Basi. Hakuna mahali, hakuna mwaka, hakuna jina la mama hata mmoja. Bibi Titi Mohamed anapewa sentensi moja, kwamba "aliwahamasisha wanawake". Aliwahamasisha vipi? Alitoka kwenye vikundi vya ngoma vya akina mama wa Dar es Salaam, na vikundi hivyo vilikuwa na viongozi wake, michango yake na namna yake ya kupelekeana habari nyumba kwa nyumba. TANU ilijengwa juu ya mtandao huo uliokuwepo tayari. Hiyo ndiyo historia ya kijamii mnayoitangaza jaladani! Kisha kesi ya uhaini iliyomkuta baadaye, kifungo, na kuachiwa kwake 1972, mwandishi amefumba macho akaruka.

Na Operesheni Vijiji je? Mwishoni mwa 1973 ilitangazwa kwamba kuishi vijijini ni amri, na ikifika mwisho wa 1976 kila mtu wa shamba awe ameshahamia. Mamilioni ya watu walihamishwa. Kuna waliobebwa kwenye malori na vyombo vyao, kuna waliochomewa nyumba ili wasirudi, kuna waliopata shule, zahanati na maji kwa mara ya kwanza. Wengi wao bado wako hai. Vitabu hivi vinaandika kwamba "wananchi walihamasishwa kuishi pamoja". Hata kabla ya operesheni hiyo, wakati wa kampeni ya ujamaa, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dkt. Wilbert Klerruu, alipigwa risasi akafa na mkulima Said Mwamwindi kule Ismani siku ya Krismasi 1971, na Mwamwindi akahukumiwa kunyongwa. Iringa nzima inaijua habari hii. Kwenye vitabu nilivyosoma haipo, si kwa kuilaani wala kwa kuieleza.

Msiniambie vyanzo hakuna. Mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliwatuma wanafunzi vijijini kwenda kuwasikiliza wazee waliokumbuka Maji Maji, miaka zaidi ya 60 baada ya vita vile. Leo operesheni haijafikisha miaka hiyo, simu ya kila mtu inarekodi sauti, na bado mwandishi anashindwa kwenda Dodoma au Kigoma kukaa na mzee mmoja. Magazeti ya zamani kama Kwetu, Mambo Leo na Ngurumo yamejaa barua na mashairi ya watu wa kawaida wakibishana kuhusu kodi, ndoa, mishahara na machifu. Nani kayafungua?

Tena utafiti upo, na mwingine ni mzuri sana, ila umeandikwa kwa Kiingereza. Kuhusu makuli, kuhusu wanawake wa TANU, kuhusu wafanyakazi walioshika Mwongozo wa TANU wa 1971 na kuwagomea mameneja wenye kiburi. Msomaji wa Kiswahili, ambaye ni mjukuu wa watu haohao, anapewa muhtasari usio na tanbihi wala faharasa, kwa hiyo hawezi hata kukagua kama alichoambiwa ni kweli.

Wachapishaji nao wanapitishaje mswada wa namna hii? Kuna mhariri yeyote anayemuuliza mwandishi, "Hili umelitoa wapi?"

Kama kuna mwandishi wa vitabu hivi humu, na najua wapo, ajibu swali moja tu: katika kuandika kitabu chako uliongea na watu wangapi ambao hawakuwahi kuwa viongozi? Na mwenye kitabu kipya cha Kiswahili ambacho makuli wa 1947 wamo, aweke jina lake hapa chini nikitafute.